Aneurin Bevan: mchimba makaa aliyekataa kujenga vibanda

Kila mwaka wa masomo unapofunguliwa, stori kubwa pale vimbwetani si ratiba wala matokeo ya sapu. Ni chumba. Nani kapata hosteli, nani kakosa, nani anabebwa na mshikaji wake kwenye kitanda cha futi tatu, na nani kaamua kwenda kupanga mtaani, ambako mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo wakati bumu lenyewe halijaingia. Kila mmoja wetu ameshasema, au ameshamsikia mwenzake akisema, kwamba serikali ingejenga tu vyumba vingi mambo yangeisha.

Hilo neno "ingejenga tu" ndilo lililonifanya nimwandike mtu huyu. Aneurin Bevan alipewa kazi hiyohiyo: ajenge, tena haraka, tena kwa nchi nzima. Wengi tunaomfahamu tunamfahamu kwa jambo jingine. Ndiye waziri aliyeanzisha huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, ile inayomtibu kila mtu bila kumdai pesa mlangoni. Kinachosahaulika ni kwamba wakati ule Wizara ya Afya ndiyo iliyokuwa pia wizara ya nyumba. Mtu mmoja, meza moja, mizigo miwili.

Na tusidhani alikuwa kwenye serikali ya malaika. Serikali hiyo sisi Watanzania tunaijua vizuri: ndiyo iliyokuja kulima karanga Kongwa, Nachingwea na Urambo, ikamwaga mamilioni ya pauni na kuondoka mikono mitupu. Ilikuwa serikali ya watu wenye haraka na wenye kukosea. Ndani yake Bevan akachagua kwenda polepole kwenye nyumba, na uchaguzi huo ulimgharimu.

Mtoto wa Tredegar

Alizaliwa tarehe 15 Novemba 1897 katika mji wa Tredegar, kusini mwa Wales. Wenzake walimwita Nye. Baba yake, David, alikuwa mchimba makaa ya mawe. Mama yake, Phoebe, alikuwa fundi cherehani. Walizaa watoto kumi, na si wote waliokua. Nyumba waliyoanzia ilikuwa na vyumba vinne, kwenye mtaa wa Charles Street.

Nyumba za miji ya migodi zilijengwa kwa mistari mirefu kando ya milima, ukuta mmoja unatumiwa na familia mbili. Choo kiko nje. Maji ya kuoga yanachemshwa jikoni. Mwanamume anarudi kutoka shimoni mweusi tii, anaogea kwenye beseni mbele ya moto, mke na watoto wakizunguka humohumo.

Baadaye familia ilihamia nyumba kubwa zaidi kwenye mtaa huohuo. Mzee David alikuwa na mikono ya ufundi, akaikarabati mwenyewe. Inasimuliwa kwamba ikawa ya kwanza pale mtaani kuwa na maji ya moto na choo cha ndani. Msomaji, hicho choo kiweke akilini, tutakirudia.

Shule Nye hakuipenda, na mwalimu mkuu hakumpenda yeye. Alikuwa na kigugumizi, halafu alikuwa mbishi. Akiwa na miaka 13 aliacha shule akashuka mgodini, Ty-Trist. Elimu yake ya kweli aliipata kwenye maktaba ya wafanyakazi wa Tredegar, iliyojengwa kwa michango ya wachimbaji wenyewe. Alisoma usiku baada ya zamu. Maneno yaliyomkwama mdomoni aliyatafutia mbadala, na kwa namna hiyo akajikuta ana msamiati kuliko wengi waliosoma shule za gharama. Kigugumizi hakikuisha kabisa, lakini Bunge zima lilikuja kumwogopa anaposimama.

Mwaka 1919 chama cha wachimbaji wa South Wales kilimpa ufadhili wa kusoma miaka miwili katika chuo cha wafanyakazi, London. Alirudi nyumbani 1921 na kukuta hakuna kazi. Yaani mhitimu, mtaani, hana ajira. Wale wa mwaka wa mwisho wataielewa hali hiyo bila maelezo. Mwaka 1925 baba yake alifariki kwa ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi la makaa. Mwaka uliofuata, wakati wa mgomo mkuu wa 1926, Nye alikuwa mmoja wa viongozi wa wagomaji wa Tredegar.

Diwani anajifunza hesabu

Kabla ya hapo, mwaka 1922, alichaguliwa diwani wa mji wake. Hapa ndipo tunapopaswa kukaa kidogo, kwa sababu udiwani ulimfundisha jambo ambalo vitabu havikumfundisha: halmashauri inaweza kutaka kujenga, ikawa na ardhi, ikawa na watu wenye shida, na bado isijenge kitu.

Sababu ni pesa, na hasa pesa isiyoaminika. Baada ya Vita vya Kwanza serikali ya Uingereza iliwaahidi askari wanaorudi nyumba bora. Sheria ya mwaka 1919, iliyosimamiwa na waziri Christopher Addison, ilizitaka halmashauri zijenge, na Hazina ingebeba karibu hasara yote. Gharama za mafundi na vifaa zikapaa. Mwaka 1921 serikali ikashtuka, ikafunga bomba. Halmashauri zilizokuwa zimeshapanga mitaa mizima zikabaki na michoro.

Mwaka 1924 waziri mwingine, John Wheatley, ambaye naye aliwahi kuchimba makaa, alikuja na mpango tofauti. Badala ya Hazina kubeba hasara isiyo na mwisho, ingelipa kiasi maalumu: pauni 9 kwa kila nyumba, kila mwaka, kwa miaka 40. Kiasi kinajulikana na muda unajulikana, kwa hiyo halmashauri inaweza kukopa ikijua italipaje. Mfumo huo ndio ambao Bevan aliukuta na kuukuza alipofika juu.

Mwaka 1929 aliingia Bunge kwa jimbo la Ebbw Vale, ambalo mji wa Tredegar ulikuwa ndani yake, na hakulipoteza mpaka alipokufa. Mwaka 1934 alimwoa Jennie Lee, aliyewahi kuwa mbunge mwenzake, binti wa mchimba makaa wa Scotland. Huyu mama sisi watu wa vyuo tuna sababu yetu ya kumheshimu: miaka ya 1960, akiwa waziri, ndiye aliyesimamia kuzaliwa kwa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza. Bevan mwenyewe chama chake cha Labour kilimfukuza mwaka 1939 kwa ukaidi, kikamrudisha kabla mwaka haujaisha. Wakati wa vita alikuwa mmoja wa wachache waliothubutu kumkosoa Churchill hadharani, siku ambazo kufanya hivyo kulionekana karibu na usaliti.

Meza yenye mizigo miwili

Julai 1945 Labour ilishinda uchaguzi kwa kishindo. Waziri mkuu Clement Attlee akamteua Bevan kuwa Waziri wa Afya. Alikuwa na miaka 47, mdogo kuliko wote kwenye baraza, na hakuwahi kushika wizara yoyote.

Hali ya nyumba ilikuwa mbaya. Mabomu ya Wajerumani yalikuwa yamebomoa au kufanya zisikalike nyumba karibu nusu milioni, na nyingine nyingi sana ziliharibika. Kwa miaka ya vita ujenzi wa nyumba za kuishi ulikuwa karibu umesimama. Mafundi walikuwa jeshini. Mbao zilitoka nje ya nchi, na kuzinunua kulihitaji fedha za kigeni ambazo hazikuwapo. Askari wanarudi, wanaoa, watoto wanazaliwa, na wanandoa wapya wanalala sebuleni kwa wakwe.

Ndani ya miezi michache Bevan alifanya maamuzi ambayo bado yanabishaniwa.

Uamuzi wa kwanza: nani ajenge. Mafundi, matofali na mbao vilikuwa vichache, kwa hiyo vikapangiwa matumizi. Kujenga kulihitaji kibali, na kanuni yake ilikuwa takribani nyumba nne za halmashauri kwa kila nyumba moja ya mtu binafsi. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Mjenzi wa kuuza humjengea mwenye pesa kwanza, kwa kuwa biashara yake ndivyo ilivyo. Halmashauri ina orodha ya wanaosubiri, na orodha hiyo inaweza kupangwa kwa shida ya mtu. Wakati vifaa ni haba, alisema wenye shida kubwa watangulie. Wajenzi binafsi walikasirika sana, na wateja wao pia.

Uamuzi wa pili: pesa itoke wapi na ikae muda gani. Sheria ya fedha za nyumba ya mwaka 1946 iliweka ruzuku ya pauni 22 kwa kila nyumba ya kawaida kila mwaka. Kati ya hizo, Hazina ililipa pauni 16 na shilingi 10, na halmashauri ikaongeza pauni 5 na shilingi 10 kutoka kodi ya majengo ya eneo lake. Muda ulikuwa miaka 60. Yaani mtoto aliyezaliwa siku nyumba inakabidhiwa angekaribia kustaafu ruzuku ikiwa bado inalipwa. Sambamba na hilo, halmashauri ziliruhusiwa kukopa kutoka mfuko wa serikali kwa riba ya asilimia 2.5.

Wasiopenda hesabu wavumilie aya moja tu. Tuchukue mfano wa nyumba iliyogharimu pauni 1,200, na halmashauri imekopa zote kwa miaka 60. Kwa riba ya asilimia 2.5, italipa kama pauni 39 kwa mwaka. Toa ruzuku ya pauni 22, zinabaki pauni 17. Enzi hizo pauni moja ilikuwa shilingi 20, kwa hiyo mpangaji angetakiwa kulipa kama shilingi sita na nusu kwa wiki, kabla ya kuongeza pesa ya matengenezo. Sasa badilisha kitu kimoja tu, riba, iwe asilimia 5. Malipo yanaruka hadi kama pauni 63 kwa mwaka. Ukitoa ruzuku ileile zinabaki pauni 41, na kodi ya mpangaji inazidi mara mbili. Tofali ni lilelile na fundi ni yuleyule.

Ndiyo maana nasema "kujenga tu" hakupo. Sehemu kubwa ya bei ya nyumba ni bei ya mkopo. Serikali inayotangaza nyumba nafuu bila kusema mkopo ni wa riba gani na ruzuku ni ya miaka mingapi inakuwa haijasema chochote kuhusu kodi utakayolipa.

Choo cha pili

Uamuzi wa tatu ndio uliowachanganya hata marafiki zake. Nyumba ziwe za namna gani?

Kamati ya wataalamu ilikuwa imeshapendekeza mwaka 1944 kwamba nyumba ya vyumba vitatu vya kulala iwe na takriban futi za mraba 900. Nyumba za halmashauri za kabla ya vita zilikuwa ndogo zaidi. Katika miaka ya Bevan wastani ulipita futi 1,000. Na kwenye nyumba ya familia ya vyumba vitatu alitaka vyoo viwili, kimoja juu na kimoja chini.

Fikiria presha aliyokuwa nayo. Kila gazeti linahesabu nyumba ngapi zimekamilika mwezi huu. Wenzake barazani wanamwambia apunguze ukubwa, afute choo cha pili, idadi itapanda, wananchi watatulia. Wahasibu wanamwonyesha kwamba kwa mbao zilezile angepata nyumba nyingi zaidi. Yeye akakataa. Alikuwa na hakika kwamba kwa mwaka mmoja au miwili watu watamhukumu kwa idadi, lakini kwa miongo ijayo watamhukumu kwa nyumba zenyewe. Mkopo ni wa miaka 60. Ukijenga kibanda leo, wajukuu watakuwa bado wanakilipia wakati kimeshachakaa.

Sina shaka Charles Street ilikuwa kichwani mwake. Mtu aliyekua akijua tofauti kati ya choo cha nje wakati wa theluji na choo cha ndani hawezi kukiona choo kuwa anasa ya kukata kwenye bajeti.

Uamuzi wa nne ulikuja mwaka 1949. Tangu zamani sheria za nyumba za Uingereza zilisema halmashauri zinajenga kwa ajili ya tabaka la wafanyakazi. Sheria ya 1949 ikayaondoa maneno hayo. Kuanzia hapo halmashauri ingeweza kumjengea mtu yeyote mwenye kuhitaji. Bevan alitamani mtaa wa halmashauri uwe kama kijiji, daktari akae jirani na mchinja nyama na kibarua wa shambani. Hakutaka kuwe na mitaa ambayo ukitaja tu unapoishi, mtu ameshajua kipato chako.

Waliochoka kusubiri

Hapa lazima tuwe wakweli, maana ni rahisi kumsifu mtu aliyekufa. Ubora una bei, na bei hiyo mara nyingi analipa aliye kwenye foleni.

Mwaka 1946 nyumba mpya za kudumu zilizokamilika zilikuwa kama 55,000 tu. Kwa nchi yenye shida ile ni kama kumwaga kikombe cha maji kwenye moto wa nyika. Kiangazi hicho familia zilichoka. Walianza kuingia kwenye kambi za jeshi zilizobaki tupu, wakabeba magodoro, majiko na watoto, wakachagua kibanda na kuandika jina mlangoni. Habari zikasambaa mji hadi mji. Ilipofika Oktoba, serikali ilihesabu karibu watu 40,000 katika kambi zaidi ya 1,000 za England na Wales. Wengi wao walikuwa familia za askari waliorudi vitani.

Serikali iliona haiwezi kuwatoa, ikaziagiza halmashauri ziwapelekee maji na huduma. Lakini Septemba, wavamizi walipoingia kwenye majengo ya fahari ya Kensington, London, hali ikabadilika. Viongozi wao, waliokuwa wakomunisti, wakakamatwa, na familia zikaondoka ndani ya siku chache. Kwa Bevan, aliyekulia kwenye migomo, huo ulikuwa mtihani mchungu. Alikuwa upande wa pili wa meza sasa. Msimamo wake ulikuwa kwamba anayevamia anaruka foleni na kumwonea anayesubiri kwa utaratibu. Hoja hiyo ina haki ndani yake. Pia ni hoja rahisi kuitoa ukiwa na pa kulala.

Mwaka uliofuata ukaleta mengine. Baridi kali ya mapema 1947 ilisimamisha ujenzi na makaa yakaadimika. Kiangazi chake ukaja msukosuko wa dola. Nchi haikuwa na fedha za kununua mbao, na mikataba mipya ya ujenzi ikabanwa. Kosa moja lilikuwa la wizara yenyewe: kazi nyingi zilianzishwa kwa pamoja kuliko mafundi na vifaa vilivyokuwapo, nyumba nyingi zikakaa nusu, ukuta upo, paa hakuna. Wapinzani wake walilalamika pia kwamba akili yake yote iko kwenye hospitali, kwa kuwa miaka hiyohiyo alikuwa anapigana na madaktari kabla ya huduma ya afya kuanza tarehe 5 Julai 1948. Lawama hiyo haikuwa ya kuonea kabisa. Mizigo miwili ni mizigo miwili.

Lakini mashine ilishawaka. Mwaka 1947 zilikamilika karibu nyumba 140,000. Mwaka 1948 zikapita 220,000. Miaka iliyofuata zikakaa karibu na 200,000 kila mwaka. Ukijumlisha na nyumba za muda zaidi ya 150,000 zilizotengenezwa kiwandani na kuja kuunganishwa tu kwenye kiwanja, hadi Labour inatoka madarakani mwaka 1951 zilikuwa zimepatikana makazi zaidi ya milioni moja. Katika nyumba za kudumu, takriban nne kwa kila tano zilikuwa za halmashauri.

Kuondoka

Januari 1951 Bevan alihamishiwa Wizara ya Kazi, na nyumba zikapelekwa wizara nyingine. Hakukaa. Aprili mwaka huohuo alijiuzulu kwa sababu bajeti ilianza kuwatoza wananchi pesa za miwani na meno ya bandia ndani ya huduma ya afya aliyoiahidi kuwa bure, ili kusaidia kulipia silaha. Mara baada ya yeye kuondoka, vipimo vya nyumba vikaanza kupunguzwa, na walioanza ni wa chama chake mwenyewe.

Oktoba 1951 Conservative walishinda. Walikuwa wameahidi nyumba 300,000 kwa mwaka, na kazi akapewa Harold Macmillan. Aliifanya. Mwaka 1953 idadi hiyo ilipitwa, akasifiwa nchi nzima, na baadaye akawa waziri mkuu. Sehemu ya siri yake ilikuwa kujenga nyumba ndogo zaidi na kuwafungulia milango wajenzi binafsi. Na kwa kuwa riba ilikuwa imepanda, ilibidi mwaka 1952 aongeze mchango wa Hazina hadi pauni 26 na shilingi 14 kwa nyumba, la sivyo kodi zingewashinda wapangaji. Ile hesabu yetu ya juu haikumwacha mtu.

Nani alikuwa sahihi? Ukiwauliza wale 40,000 wa kambini, wengi wangemtaka Macmillan mwaka 1946. Familia inayolala chumba kimoja na wakwe haiulizi futi za mraba. Hilo silipuuzi, na nimeona wachambuzi wengi wa upande wa Bevan wakilipuuza. Lakini ukiuliza baada ya miaka 30 au 40, jibu linageuka. Nyumba za enzi ya Bevan zilibaki imara na kubwa, zenye bustani, zinazogombewa, wakati mengi ya maghorofa yaliyojengwa kwa pupa miaka ya 1960 yalikuwa yameshabomolewa. Sheria ya mwaka 1980 ilipowapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba zao kwa bei ya punguzo, nyumba nzuri za familia zilikuwa za kwanza kuondoka. Zaidi ya milioni moja na nusu zimeuzwa tangu hapo, na wanaosubiri nyumba za halmashauri leo wamebaki na zilizosalia. Jambo hilo hakuliona likija. Aliweka ruzuku ya miaka 60, akahangaikia ukubwa wa chumba na idadi ya vyoo, lakini hakuweka kizuizi cha kudumu kwamba nyumba iliyojengwa kwa pesa ya umma ibaki ya umma.

Maisha yake yaliyobaki aliyatumia kugombana, mara nyingi ndani ya chama chake. Mwaka 1959 alichaguliwa naibu kiongozi wa Labour, na mwisho wa mwaka huo saratani ya tumbo ikagundulika. Alifariki tarehe 6 Julai 1960, nyumbani kwake shambani karibu na Chesham, akiwa na miaka 62. Majivu yake yalitawanywa kwenye milima iliyo juu ya bonde alikokulia.

Turudi vimbwetani

Sijaandika haya ili tuchukue sheria ya Uingereza ya 1946 tuibandike hapa. Walikuwa na halmashauri zilizozoea kujenga, walikuwa na Hazina ambayo hata ikiwa na madeni ilikopesheka kwa riba ya asilimia 2.5. Sisi hesabu zetu ni nyingine.

Lakini baadhi yetu tutatoka hapa kuwa wahandisi, wakadiriaji majenzi, wachumi, maofisa mipango na, nani ajuaye, madiwani. Siku moja utakaa kwenye meza na karatasi ya mpango wa nyumba nafuu itapita mbele yako. Itakuwa na idadi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza, maana idadi ndiyo inayopigiwa makofi. Ipite hiyo. Tafuta riba ya mkopo. Tafuta ruzuku inalipwa miaka mingapi na nani hawezi kuikata katikati. Tafuta nani anapewa kwanza, na kama nyumba ikishauzwa inamrudia nani. Halafu tafuta choo kiko wapi.

Na kama jibu la kila swali ni zuri isipokuwa kwamba watu watasubiri miaka mitatu zaidi, nenda kalale usiku mmoja kwa hao wanaosubiri kabla hujaweka sahihi. Bevan alikuwa amelala huko utotoni, na hata hivyo aliwachelewesha. Mpaka leo sijui kama mimi ningekuwa na moyo huo. Semester ijayo na mimi sina uhakika nitalala wapi, kwa hiyo huenda swali hili siliamui kwa haki.